Kidani cha kumbukumbu ya marehemu: kukitengeneza kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kazi hii inaanza na ndugu, gundi baadaye. Kipande cha kanga ya mama au picha ya babu ni mali ya ukoo, kwa hiyo kiombe siku ya kugawa nguo za marehemu, mbele ya watu, na useme unakitakia nini. Nywele ziache. Uingereza ya karne ya 19 walizisuka zikawa pete na bangili, na Malkia Victoria alivaa vito vya msiba miaka mingi baada ya mumewe Albert kufa mwaka 1861. Huku kwetu, ukionekana na nywele za marehemu, utaitwa kwenye kikao.

Tafuta kitako cha kidani chenye ukingo, kipenyo milimita 25 na kina milimita 3, cha chuma kisichoshika kutu. Vya shaba bei yake ni nafuu, ila huacha ukijani shingoni.

Kwenye kanga, kata pindo. Maua ya mji, yaani sehemu ya katikati, ni makubwa mno kwa duara hilo na herufi za jina, ule msemo wa kanga, hazienei. Vinakshi vidogo viko kwenye pindo. Kitambaa kikilowa resini, ile gundi ya majimaji itakayomiminwa juu yake na kuganda kama kioo, rangi hukolea, na palipokuwa peupe hupenya mwanga hadi chuma cha chini kikaonekana, kwa hiyo kibandike kwanza juu ya karatasi nyeupe. Ukitumia picha, usikate ile ya pekee. Studio waiskani, wapunguze uso ubaki na urefu wa milimita 15 hivi, kisha waichape kwa mashine ya leza. Wino wa maji huchuja.

Sasa paka gundi nyeupe ya mbao mbele, nyuma na kwenye kingo, mara mbili, na kila mpako ukauke kabisa. Kingo ndizo husahaulika. Resini ikipenya hapo huacha doa jeusi kama la mafuta, na halitoki tena.

Duara hilo hula mililita 1.5 tu za resini ya epoksi, lakini usichanganye kidogo hivyo, maana tone moja likizidi uwiano umeharibika. Kama chupa inasema 2 kwa 1 kwa ujazo, pima mililita 6 za resini na 3 za kigumishi, yaani dawa ya chupa ya pili inayoigandisha, kila moja kwa bomba lake la sindano. Vaa glavu, koroga polepole dakika 3, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni kosa. Itabaki laini kama ulimbo.

Baridi ndiyo adui mkubwa. Epoksi inataka nyuzi 21 hadi 24, na usiku wa Juni Mbeya au Njombe uko mbali sana na hapo. Ikiwa baridi huwa nzito, hushika mapovu na kubaki inanata. Kabla ya kupima, weka chupa zilizofungwa kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha zifute zikauke, kwani maji yakiingia resini hufanya ukungu. Weka kipande ndani ya kitako, mimina resini juu yake, kisha pitisha mwali wa kiberiti cha gesi sekunde 2 mapovu yapasuke. Funika kidani ndani ya boksi lenye balbu ya kizamani ya wati 40, kama la kulelea vifaranga. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Hiyo ya wati 40 isiguse boksi. Jiko la mkaa hapana: majivu hutua juu ya resini, na moshi wake kwenye chumba kilichofungwa huua.

Tukuyu, penye ukungu, huenda ukakuta utando wa mafuta juu. Huo si uharibifu, uoshe kwa maji na sabuni.

Nyuma, sonara achonge jina na miaka. Wazee wengi tarehe yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Weka mwaka tu, ndugu wasije wakabishana juu ya chuma. Usikivae kabla ya saa 72, na usikiache juani kwenye dashibodi ya gari, kitageuka njano.