Ukiona nauli ya dola 59, soma hivi kabla hujalipa

Hapa Dallas, watu wetu wakitaka kwenda Denver hunipigia mimi niwakatie tiketi. Swali ni lile lile: "Dada, Frontier na United zote ni hamsini na kitu, nichukue ipi?" Nami huuliza: una mzigo gani?

Elewa kwanza kwa nini shirika kubwa kama United linauza kwa bei ya Frontier, ambalo ni shirika la bei nafuu. Mlango ukishafungwa, kiti kitupu hakina mnunuzi tena, kwa hiyo ni heri kipate hamsini kuliko kukosa kabisa. Lakini wakimshushia kila mtu, yule wa safari za kikazi ambaye angelipa mia tatu bila kunung'unika naye atalipa hamsini. Ndiyo sababu ya tiketi inayoitwa Basic Economy. Delta iliianza mwaka 2012 kwenye njia chache ilikogombania abiria na Spirit, shirika jingine la bei nafuu. American na United zikafuata mwaka 2017. Imenyofolewa raha makusudi: kuchagua kiti ni kwa pesa, unapanda mwisho, na kubadili tarehe ni taabu. Hawakuitengeneza uipende. Wanataka ikuvute, kisha uingiwe na wasiwasi uongeze dola thelathini upate ya kawaida. Na wengi huongeza, tena kwa kitu wasichokihitaji.

Kwa hiyo anza na begi, nauli baadaye. Ukiwa na kimkoba tu cha kusukuma chini ya kiti, linganisha bei kama zilivyo na uchukue ya chini. Ukiwa na begi la magurudumu la kuweka juu, hesabu inageuka. Frontier hulitoza, na bei hubadilika kulingana na safari. United hailiruhusu kwa Basic Economy ya ndani ya Marekani. Ukifika nalo langoni unalipia mzigo, na dola 25 juu yake. American na Delta hulibeba bure. Chukulia Frontier ni 49 na American ni 69: mwenye begi asidanganyike, hizo ishirini humezwa na begi peke yake.

Sanduku la kupakia chini ni jambo jingine, na shangazi zetu hawasafiri bila sanduku. Februari 2024 American ilipandisha la kwanza hadi dola 40 uwanjani, 35 ukilipia mtandaoni, basi usingoje kaunta. Southwest iliyozoeleka kubeba mawili bure ilianza kutoza tiketi zilizokatwa kuanzia 28 Mei 2025, na bado nakutana na wazee wanaobisha.

Peleka kila tiketi hadi ukurasa wa mwisho wa malipo ndipo ulinganishe. Bei ya ukurasa wa kwanza ni chambo tu.

Angalia pia siku. Mashirika makubwa hushusha bei pale mpinzani wa bei nafuu anaporuka, na kwa viti vichache. Sogeza tarehe uone. Hata kama humwamini Frontier, tafuta njia anayoruka, kwa sababu uwepo wake ndio unaokupunguzia nauli ya United. Spirit iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2024, ikarudi huko Agosti 2025, na imeacha njia nyingi. Usishangae nauli zikipanda huko.

Safari ya mazishi au harusi mimi hukata shirika kubwa hata kama limezidi kwa ishirini. Ndege ikifutwa asubuhi, shirika hilo lina nyingine za kwenda Denver siku ile ile.

Kata moja kwa moja kwa shirika. Sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kufuta na kurudishiwa pesa zote, mradi umekata siku saba au zaidi kabla ya safari, na Basic Economy imo. Basi kesho yake kabla saa hizo hazijaisha, tazama bei tena. Ikiwa imeshuka, kata mpya kwanza, ndipo ufute ya zamani.