Vijana wa Goma na Gisenyi kwenye mazungumzo ya amani: namna ya kuwafikisha mapema, wakiwa na kifungu mkononi

Kwa miaka kadhaa nimewezesha vikao vya vijana wa pande mbili za mpaka wa Kongo na Rwanda, hasa Goma na Gisenyi, miji iliyoshikana hata mama huvuka asubuhi kununua viazi na kurudi kupika mchana huohuo. Kosa ninalolikuta kila mara ni lilelile. Vijana huitwa siku ya mwisho, wakaimba, wakapiga picha na wakubwa, ilhali maandishi yamekwisha kukubaliwa. Linaniuma, maana wao ndio wanaoijua mipaka hii kwa miguu yao. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi hii sasa.

Hatua ya 1: Jua ni meza ipi

Meza ziko nyingi. Makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 ni ya serikali mbili, Kongo na Rwanda. Yale ya Doha, Qatar, ni kati ya serikali ya Kinshasa na AFC/M23, muungano wa waasi walioiteka Goma. Juu ya hayo kuna upatanishi wa Umoja wa Afrika, pamoja na juhudi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika), ambazo wakuu wao walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 wakaamua kuunganisha mchakato wa Nairobi (Kinshasa na makundi yenye silaha) na ule wa Luanda (Kongo na Rwanda).

Kijana anayelia na ushuru wa mpakani mpeleke kwenye meza ya nchi na nchi, kwenye sehemu ya ushirikiano wa kiuchumi. Mwenye kaka aliyeshikwa mateka suala lake liko Doha. Ukikosea meza, karatasi yako itasifiwa na kuwekwa kabatini. Kisha tafuta anayeandika rasimu. Waziri husaini, lakini maneno hutungwa na maofisa wa upatanishi, na hao hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 2: Chagua watu, usingoje wateuliwe

Ukiomba majina ofisini utaletewa viongozi wa matawi ya vijana wa vyama. Waje wawili watatu, basi. Nenda mwenyewe Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Goma na Gisenyi: tafuta msukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), binti anayevusha nyanya, mwanafunzi anayelala nchi moja na kusoma nyingine, kijana aliyeweka silaha chini, na aliyekulia kambini. Idadi iwe sawa kila upande, nusu wawe wanawake. Kumi na wawili wanatosha.

Hatua ya 3: Usalama kabla ya kikao

Hapa sina mchezo. Tangu M23 iiteke Goma mwishoni mwa Januari 2025, kijana anayevuka kwenda mkutanoni anaweza kuulizwa ametumwa na nani, na akirudi akaulizwa tena. Kwa hiyo hakuna fulana zenye nembo, hakuna picha, na orodha ya majina haitumwi kwa WhatsApp. Kila mmoja aelezwe hatari faraghani, na aweze kukataa bila kuulizwa sababu. Nauli na fidia ya siku ya kazi hulipwa kabla ya kikao kuanza, kwa sababu muuza nyanya akikosa siku moja, nyumbani kwake hawali.

Hatua ya 4: Kwanza kila upande peke yake

Wape siku nzima. Kuna uchungu ambao hauwezi kusemwa mara ya kwanza mbele ya wa upande wa pili. Kuhusu lugha, Kiswahili hupita pande zote, ila vijana wengi wa Gisenyi hufikiri kwa Kinyarwanda, na wapo Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda ambao lugha hiyo imewahi kuwaponza. Weka mkalimani, na yeyote aongee lugha atakayo bila kutazamwa vibaya.

Hatua ya 5: Geuza kilio kiwe kifungu

Hatua hii hula muda mwingi kuliko nyingine zote, na inastahili. Vijana wakikutana huanza na "tunataka amani". Ni kweli, lakini mwandishi wa rasimu hana pa kuliweka neno hilo. Uliza: amani ikikosekana, saa ngapi ya siku yako inaharibika?

Kundi moja lilijibu kwa mfano wa Juni 2022. Mwanajeshi wa Kongo aliuawa kwa risasi baada ya kuvuka Petite Barrière, mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa ukawa unafungwa saa tisa alasiri. Binti mmoja alieleza mahesabu yake: wanunuzi wa mboga huja jioni, kwa hiyo kufunga saa tisa kulimfanya auze kwa hasara au apitie njia za panya. Mwenzake wa Gisenyi akasema naye hivyohivyo. Wakaandika pamoja:

"Kivuko cha waenda kwa miguu kibaki wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Upande unaotaka kubadili saa hizo utangaze saa 48 kabla, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, redioni na kivukoni, isipokuwa kwa hatari ya ghafla."

Kipime kila kifungu kwa maswali matatu: nani atatenda, lini, na nani atahakiki. Kikishindwa hata swali moja, warudi kukiandika. Vifungu vitatu, ukurasa mmoja.

Hatua ya 6: Peleka

Barua inayoambatana na ukurasa huo itaje Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa (2015) kuhusu vijana, amani na usalama, Azimio 2419 (2018) linalohimiza vijana washirikishwe katika kujadili na kutekeleza makubaliano ya amani, na Ibara ya 17, ya amani na usalama, ya Mkataba wa Vijana wa Afrika. Peleka nakala sekretarieti ya ICGLR, yaani Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, Bujumbura. Omba nusu saa na waandishi wa rasimu, vijana wawili wakiongea, mmoja kila upande. Wewe nyamaza.

Hatua ya 7: Rudi

Ndani ya wiki mbili, wakusanye walewale uwasomee jibu neno kwa neno, hata kama ni "hapana", hata kama ni kimya. Kifungu kikikubaliwa, wagawie siku: leo nani yuko kivukoni na daftari, anaandika lango limefunguliwa saa ngapi na limefungwa saa ngapi.