Pampu za tangi la matumbawe: usinunue moja kubwa

Tangi ninalolitunza hapa Nyali lina urefu wa sentimita 240, upana 75 na kimo 70. Zidisha, unapata lita 1,260. Piga hesabu ya lako kabla hujaenda dukani, maana namba iliyo kwenye boksi la pampu haikufai kitu mpaka uilinganishe na lita zako.

Kazi ni mbili. Ya kwanza ni kupandisha maji kutoka tangi la chini, lenye vichujio, hadi tangi kuu. Hapo maji yakizunguka mara nne au tano kwa saa yanatosha. Kwangu ni kama lita 6,000. Lakini namba ya boksi hupimwa maji yakiwa hayapandi popote. Yangu yanapanda mita moja na nusu, na bomba lina kona tatu, kwa hiyo nilichukua pampu ya lita 9,000. Tafuta mchoro unaoonyesha maji yanavyopungua kadiri yanavyopanda. Pampu isiyo na mchoro huo, iache.

Kazi ya pili ni mikondo, na pesa iende huku. Tumbawe halitembei: maji ndiyo yanayolilisha, yanayoliletea hewa na kuliondolea uchafu. Matumbawe laini hutosheka na mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa. Yale magumu yenye matawi, hasa Acropora, yanataka mara 30, 40, hata zaidi. Mimi nina lita 50,000 kwa saa kutoka pampu nne. Mwanzo nilifunga moja kubwa. Ilipiga upande mmoja mchana na usiku, uchafu ukalala nyuma ya mawe, na tumbawe nililolilea miaka miwili likachunika nyama likabaki mfupa mweupe. Linaniuma mpaka leo.

Vaa miwani uingie mwambani maji yakijaa, utazame. Maji huja, husita, hurudi. Hivyo ndivyo kontrola, kifaa kinachoziongoza pampu, iigize: pampu za kushoto zisukume sekunde kadhaa, zitulie, za kulia zipokee; usiku zote zishuke nusu. Kisha yaangalie matumbawe yenyewe. Minyiri ya Euphyllia, tumbawe lenye minyiri mirefu, ikiyumba huku na huku, sawa. Ikilala upande mmoja, punguza.

Chagua pampu za umeme wa DC, yaani umeme kama wa betri, zinazobadilisha kasi na kukubali betri. Umeme ukikatika, pampu moja ya mikondo kwenye betri, ikitikisa uso wa maji, inatosha kuwapa samaki hewa. Hatari nyingine ni maji kujivuta kurudi chini kupitia bomba hadi tangi la chini lifurike. Toboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, livute hewa. Usiitegemee valvu ya kuzuia maji yasirudi, konokono mdogo tu anaizuia kufunga. Siku ya kwanza zima umeme makusudi, simama uone maji yanaishia wapi.

Joto nalo. Pampu hupasha maji, na mwezi wa tatu Mombasa hauna huruma. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya pwani yetu yalipauka hukohuko baharini, sembuse ndani ya kioo. Kontrola yangu huwasha feni maji yakifika nyuzi 27, na mashine ya kupoza yakifika 28.

Kila miezi mitatu fungua pampu, uiloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji. Chokaa ikishika rota, ile sehemu inayozunguka ndani, kasi hushuka polepole mno, na matumbawe hugundua kabla yako.