Jinsi ya Kutambua Mahitaji ya Afya ya Watu Waliobadili Jinsia Kupitia Mitandao ya Kijamii

Mhudumu wa afya asianze kwa kuhesabu ni mara ngapi neno "homoni" limetajwa. Aanze na maswali ambayo watu waliobadili jinsia wanaulizana mitandaoni, kwa kuwa swali linaloulizwa hadharani mara nyingi ni lile ambalo mwulizaji aliogopa kulipeleka kwa daktari, au alilipeleka likapuuzwa.

Tafuta kwa maneno yao wenyewe. Wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote, hivyo anayetafuta "upasuaji" pekee atawakosa. Angalia pia tarehe, maana toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali ya kutojitambua kwa jinsia uliyoandikishwa ulipozaliwa kwenye sura ya matatizo ya akili, na maneno ya zamani hayamo tena katika orodha hiyo.

Chukua swali la mwanamume ambaye alipozaliwa aliandikishwa kuwa wa kike: je, bado anahitaji kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi? Anakihitaji maadamu kiungo hicho anacho, ilhali mfumo unaomtambua kuwa mwanamume huenda usimwite kamwe. Tena testosteroni, homoni ya kiume ambayo huenda anaitumia, huukausha uke, kipimo kikauma, na sampuli ikatoka isiyotosha, akaambiwa arudi tena mahali ambapo kuingia mara ya kwanza tu kulimgharimu ujasiri. Vivyo hivyo mwanamke aliyebadili jinsia kwa kawaida hubaki na tezi dume hata baada ya upasuaji wa sehemu za siri. Daftarini andika kiungo, kizuizi na alichokwisha kujaribu. Jina la akaunti liache.

Majibu yasome kwa tahadhari. Vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vinaweza kuongeza hatari ya damu kuganda, na testosteroni huongeza chembe nyekundu za damu, kwa hiyo dozi ya kuazima kwa mwenzako haifai. Hata hivyo jibu baya nalo lina habari, kwani linaonyesha kuwa watu wanajitibu.

Usinukuu neno kwa neno. Sentensi moja ikitiwa kwenye kitafutio yaweza kumfichua mwandishi ambaye familia yake haijui lolote. Wala usijiunge na kundi la faragha kwa kujisingizia.

Mwisho, wazee, wasio na simu na wanaonyamaza kwa hofu hutawaona mitandaoni. Daftari lako lipeleke kwa wanajamii walio tayari kuzungumza, walipwe kwa muda wao, nao walisahihishe kabla hujabadili hata fomu ya usajili.