Kukagua msimbo wa akili mnemba kabla ya kuuweka kwenye programu huria

Tuseme timu yenu hapa Dodoma inatengeneza programu ya kupokea zabibu za wakulima wa Hombolo, leseni ni MIT (huruhusu karibu matumizi yote), na sehemu kubwa ya msimbo imeandikwa na akili mnemba. Ikishatoka hadharani, anayeulizwa ni aliyeuingiza msimbo huo. Mashine haiitwi mahakamani.

1. Soma kwanza masharti ya mradi unaouchangia. Gentoo, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, ilikataa michango ya akili mnemba Aprili 2024. NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, nayo inautilia shaka msimbo wa namna hiyo hadi uidhinishwe.

2. Kwenye mipangilio ya Copilot, zana ya GitHub inayopendekeza msimbo, zuia mapendekezo yanayofanana na msimbo wa umma. Usibweteke: kichujio hulinganisha takribani herufi 150, kwa hiyo kigeu (jina linalobeba thamani kwenye msimbo) kikibadilishwa jina, kipande kinaweza kupita.

3. Tafuta alama za wizi: namba ya ajabu, utani kwenye maelezo, jina la mtu usiyemjua. Mwaka 2021 Copilot ilitema hesabu ya kinyume cha kipeuo cha pili ya mchezo wa kompyuta Quake III Arena, pamoja na namba yake ya ajabu 0x5f3759df na matusi ya mwandishi wake, kisha ikaibandika leseni isiyo yake. Asili yake ni GPL, leseni inayotaka programu iliyotumia msimbo wake ikisambazwa nayo iwe chini ya GPL. Chukua mstari kama huo, uweke kwenye alama za nukuu, uutafute mtandaoni.

4. Endesha ScanCode, zana ya kutafuta leseni kwenye msimbo:

scancode --license --copyright --json-pp ripoti.json .

Hapa ndipo wengi hujidanganya. ScanCode husoma matini ya leseni na tamko la hakimiliki, na vitu hivyo viwili ndivyo akili mnemba huvidondosha. Ripoti safi haimaanishi msimbo ni safi, ndiyo maana hatua ya 3 hairukwi. Hata MIT, pamoja na upole wake, inadai tamko hilo libaki.

5. Ukikuta kipande cha GPL, kubadilisha majina ya vigeu hakusaidii; hiyo bado ni nakala. Kifute. Andika kwa maneno kazi yake (“pokea kilo na daraja, rudisha malipo”), umpe mwenzako ambaye hajakiona aandike upya.

6. Weka kazi ya mashine kwenye komiti yake (rekodi ya mabadiliko kwenye Git), utaje zana iliyotumika, kisha:

git commit -s

Hiyo -s huongeza mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Kwa miradi inayofuata DCO (tamko la mchangiaji kuhusu asili ya msimbo), kama Linux tangu 2004, unathibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama huwezi kueleza ulikotoka, usitie sahihi.