Kuhamishia perege kwenye tangi jipya la saruji

Perege walioanzia kwenye simtanki lililokatwa wakishakua, mfugaji huona heri ajenge tangi la saruji uani. Hapo ndipo tunapopoteza samaki wengi bila sababu. Fundi anamaliza kupiga lipu leo, keshokutwa maji ya bomba yanajazwa, samaki wanamwagwa humo, na kunapokucha wanaelea. Lawama hupewa joto la Mtwara au mbegu ya vifaranga, kumbe tangi lenyewe halikuwa tayari.

Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji. Chokaa hiyo hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ndani ya maji. Perege huishi vizuri kwenye pH ya 6.5 hadi 8.5, na maji ya tangi lililotoka mikononi mwa fundi yanaweza kuvuka 10. Lijaze mpaka juu, liache siku tatu au nne, mwaga, sugua kuta kwa brashi, jaza tena. Rudia angalau mara tatu. Wapo wanaoloweka vipande vya migomba ili kupunguza chokaa. Fanya hivyo ukitaka, lakini vitoe na umwage maji yote, maana migomba ikioza humaliza hewa. Kisha pima kwa karatasi za pH, usikisie kwa macho. Najua kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba kila ndoo ya maji ina gharama yake. Hata hivyo, hapa si mahali pa kubana.

Maji ya mwisho, kama ni ya bomba, yakae wazi siku mbili huku ukiyakoroga ili klorini, ile dawa ya kusafishia maji, itoke.

Jambo ninalolirudia kuliko yote kwa wafugaji ni hili: mali ya tangi la zamani ipo kwenye utelezi, si kwenye maji yake. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi kwenye ule utelezi wa kokoto, sponji na kuta huigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo. Tangi jipya halina bakteria hao, na huchukua wiki tatu hadi sita kuwapata wa kutosha. Tena pH ikiwa juu na maji yakiwa na joto, amonia ileile huwa sumu kali zaidi, kwa hiyo chokaa iliyobaki na jua la pwani yetu hushirikiana kuua.

Basi baadhi ya kokoto na sponji za chujio zihame zikiwa mbichi, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi la zamani, siku hiyohiyo. Usizioshe kwa maji ya bomba wala usizianike. Mimi niliwahi kusugua kokoto zangu zikang'aa, nikidhani ndio usafi. Haikupita wiki, perege zaidi ya nusu walikufa.

Ndoo nayo iangaliwe. Iliyowahi kuchanganyiwa dawa ya mikorosho isiguse samaki hata ukiisuuza mara kumi. Na msimu wa kupuliza ukifika, funika tangi kwa turubai.

Samaki wasipewe chakula siku moja kabla ya safari. Hamisha asubuhi au jioni, jua likiwa halijachoma, kwa wavu na mikono iliyolowa ili usiwatoe ute. Acha ndoo au mfuko uelee ndani ya tangi jipya dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi hilo kidogokidogo mpaka joto lilingane, ndipo uwaachie watoke wenyewe. Anza na robo ya samaki. Waliobaki wasubiri wiki mbili.

Siku ya kwanza usiwape chakula. Baada ya hapo wape nusu ya kawaida kwa wiki mbili. Ukiwaona wanahemea juu au wamejazana maji yanapoingilia, acha kulisha na ubadilishe theluthi ya maji saa hiyohiyo, kwa maji yaliyokwisha kaa wazi. Kwa hiyo weka pipa moja limejaa pembeni tangu kabla hujaanza kuhamisha.