Kupamba Kibaraza kwa Mavuno Wakati wa Kipupwe Tabora

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, watu hupamba vibaraza vyao kwa maboga na mahindi makavu kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika. Kwetu Tabora majira yanayofanana na hayo huja mapema zaidi: mvua hukatika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mavuno huingia nyumbani, na ifikapo Julai miti ya miombo imeanza kupukutisha majani huku upepo ukipeperusha vumbi. Katikati ya Juni ndio wakati mwafaka wa kuanza, kwa kuwa mazao yamekwisha kukauka na mvua iko mbali.

Fagia kibaraza, futa utando wa buibui na upake ukuta chokaa, ukiacha sehemu ya chini ipakwe rangi ya kahawia ambayo haionyeshi vumbi upesi.

Boga la kupambia lichumwe likiwa limekomaa, ganda lake likiwa gumu kiasi cha kutotobolewa na ukucha, na kikonyo kiachwe kirefu, kwani boga lililong'olewa kikonyo huoza kuanzia hapo. Lianike juani kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kisha ulihamishie kivulini. Usiliweke moja kwa moja juu ya saruji. Lisokotee ngata ya nyasi kavu, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, ili hewa ipite chini yake. Ngata hiyo, kwa maoni yangu, ni pambo tosha.

Vibuyu vinahitaji subira zaidi. Kibuyu huwa tayari pale mbegu zinapogonga ndani ukikitikisa. Kiloweke, ukisugue kwa mchanga hadi ukungu utoke, kikaushe tena, halafu ukipake nta ya nyuki, ambayo mkoa wetu wa asali haukosi. Nta iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa sababu hushika moto kwa urahisi. Ukisugua kwa kitambaa nta ikiwa bado vuguvugu, kibuyu hung'aa kwa rangi ya asali, na hakuna vanishi ya dukani ninayoipenda kuliko hiyo.

Mahindi ndiyo yanayopendeza kuliko vyote, na ndiyo yanayohitaji tahadhari kubwa. Menya maganda bila kuyakata, yasuke pamoja kama nywele, mahindi sita au manane katika mkufu mmoja, uutundike kwenye boriti. Lakini kabla ya kutundika, kagua kila hindi. Dumuzi, ambaye wakulima wengi walimwita Scania, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa Afrika aligunduliwa kwanza katika mkoa huu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hula mahindi na mihogo mikavu, na huweza kutoboa hata mbao. Ukiona matundu ya mviringo au unga unaomwagika sakafuni, choma mkufu wote siku hiyohiyo, kwa maana pambo la kibaraza halistahili kugharimu chakula cha familia kilichomo ghalani. Kwa sababu hiyohiyo, tundika mahindi mbali na ghala, wala usiyapake dawa ya kuhifadhia nafaka mahali ambapo watoto watayashika.

Katika kupanga, maboga makubwa yakae pembeni mwa mlango, vibuyu vifuate, na masuke ya mtama yasimamishwe ndani ya chungu nyuma yake. Acha nafasi ya mkeka na kigoda, kwani kibaraza ambacho mgeni hapati pa kukaa kimepoteza kazi yake. Ukitaka rangi ya kijani, bogenvilia ndani ya ndoo kuukuu itachanua kiangazi chote kwa maji machache uliyosuuzia vyombo.

Ondoa kila kitu kabla Oktoba haijaisha, maana unyevu wa mvua huleta ukungu. Maboga ambayo hayajalainika yapikwe, na mbegu za lile lililo bora zioshwe, zianikwe kivulini na kuwekwa kwa ajili ya kupandwa mvua zikianza.